Naomba ushauri: utumbo unavuja kupitia mshono baada ya upasuaji

Ndugu wanajamvi, kaka yangu alipasuliwa baada ya utumbo mwembamba kutoboka kutokana na homa ya matumbo, kisha usaha ukajaa tumboni, na sasa majimaji ya utumbo yanatoka kupitia mshono, zaidi ya mililita 500 kwa siku, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa kikubwa. Usaha umeondolewa kwa mpira, anachomwa antibayotiki, na daktari ameshauri tusubiri miezi kadhaa kabla ya kumpasua tena, jambo ninaloliona la busara ingawa baadhi ya ndugu wananung'unika. Kinachonitisha zaidi ni kukonda kwake, na ngozi inayochubuka kwa majimaji hayo. Mliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, mlimlisha nini, na mifuko ya kukingia mliipata wapi kwa bei nafuu?