Amplifaya ya mwaka 1981: niifungue mwenyewe au nikanunue sabufa?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja iliyotugawa nyumbani tangu tumalize arobaini ya mzee. Katika vitu alivyotuachia kuna amplifaya ya Kijapani ya mwaka 1981, bati nene, kitufe cha volyumu cha chuma, nzito kama mfuko wa sembe, pamoja na spika zake mbili za mbao. Upande wa kulia ulikuwa umekata, na ukigusa volyumu inakwaruza kama mtu anapara samaki. Shemeji yangu akasema wapewe watu wa chuma chakavu, kwani kwa laki na nusu unapata sabufa ina bluetooth, USB na rimoti. Mimi nasema mtu mwenye utulivu, na mita ya kupimia umeme ya elfu ishirini, aifungue mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba vifaa vya umri huu haviugui magonjwa ya ajabu. Ni yale yale: kontakti zimeshika uchafu, kapasita kubwa za pawa (vile vikopo vinavyotunza umeme) zimekauka, mkanda wa mpira wa dekki umeyeyuka kama lami, sponji ya pembeni ya spika imeoza. Vinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kila kitu ndani unakiona kwa macho.

Ya mzee nilifungua skrubu nane. Nikatoa vumbi na mabawa ya mende (nisameheni mnaokula). Nikapuliza dawa ya kusafishia kontakti ndani ya volyumu, nikaizungusha huku na huku kama mara thelathini, mkwaruzo ukaisha. Kisha nikageuza bodi, nikaipitia kwa tochi ya simu. Kwenye mguu mmoja wa rilei ya spika (swichi ya ndani inayoziunga spika), lehemu ilikuwa na mstari mwembamba wa duara, kama ufa wa sahani ya udongo. Nikauyeyusha, nikaongeza risasi kidogo, upande wa kulia ukarudi. Gharama yote haikufika elfu ishirini ukiacha mita.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Fundi, Mwanza

Mkuu, poleni kwa msiba, na hongera, ufa huo wengi hawauoni. Lakini umebahatisha, na mada kama hii ndiyo inayotuletea maiti dukani. Nimekaa kwenye hii kazi tangu 1997. Kifaa kilichokufa chenyewe nakitibu siku moja. Kilichochokonolewa na mwenyewe kwanza, wiki.

Mwezi uliopita kaletwa mgonjwa mmoja. Fyuzi iliungua, mwenye nayo akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Muziki ukapiga siku mbili. Siku ya tatu ni transfoma iliyokuwa inanuka, na transfoma ya mashine ile huipati popote, ni kusuka upya kwa mkono. Fyuzi ilikuwa inamwambia kitu, yeye akaifunga mdomo. Mwingine alinunua mtumba wa Japani, kule umeme wao ni volti 100, akachomeka kwenye 230 yetu bila kugeuza swichi ya nyuma ya kuchagua volti. Mwingine kapachika kapasita kinyume, hasi kwenye chanya, ikapasuka karibu na jicho lake.

Na hujataja jambo moja hata kidogo: kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Zile kapasita mbili kubwa katika amplifaya kama yako zinaweza kubaki na volti 50 kila upande baada ya kuzima. Ukiziunganisha kwa bisibisi kama vijana wanavyofanya, bisibisi inaacha nyama yake pale. Unazimaliza taratibu kwa rezista kubwa (kipande kinachobana umeme), halafu unapima. Redio za vali, zile za zamani zenye chupa za kioo ndani, ni mbaya zaidi, humo kuna volti 250 na kwenda juu.

Kabla ya kuwasha kitu nilichokigusa, naunga taa ya nyuzi, ile balbu ya zamani ya wati 60 au 100, katikati ya waya mmoja wa umeme. Nikiwasha, taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, pumua. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti, na balbu ndiyo imekuokolea transista zako, vile vipande vinavyokuza sauti. Balbu za LED haziwezi kazi hii. Mkuu, ulitumia taa? Na ulipima volti kwenye tundu za spika kabla ya kuunga zile za mzee?

Dada wa Tabata

Kaka mtoa mada, mnajadili kama wote tuna meza ya kufungulia skrubu. Mimi nina chumba na sebule, watoto wawili, na luku ninayoinunua mwenyewe. Amplifaya kubwa za zamani zinakula umeme hata zikiwa kimya. Weka mkono juu ya bati lake, lile joto nani analilipia? Sabufa yangu naiweka chini ya TV, mtoto anapiga kaswida kutoka kwenye simu, basi. Ikifa baada ya miaka mitatu nimeshaifaidi. Tena wanaume mnapenda kusema "gharama elfu ishirini" mkaacha kuhesabu Jumamosi nne.

Mchangiaji, Nairobi

Dada ana hoja, ila hiyo "ikifa" ndiyo inanikera. Mimi hupeleka vitu Luthuli Avenue, na mafundi wa pale watakwambia: hizi sabufa mpya nyingi ukifungua unapata bodi ndogo, aisii (ile chipu nyeusi) imekwaruzwa namba, gundi kila mahali. Fundi hajui atafute spea gani. Redio za zamani zingine zilikuja na mchoro wa saketi umebandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma! Mwenye kiwanda alitarajia kwamba siku moja itafunguliwa.

Kwa hivyo swali si la mtu na bisibisi yake pekee, ni la sheria pia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kulazimisha watengenezaji wa mashine za kufua, friji, simu na kadhalika wakubali kuzitengeneza hata warranti ikiisha. Amplifaya hazimo kwenye orodha. Sisi huku tunapokea kila kitu bila mchoro wala spea. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilihesabu tani milioni 62 za taka za umeme duniani kwa mwaka 2022 pekee. Za kwetu mnajua huishia wapi, kijana anachoma waya apate shaba, moshi unaingia kwa jirani.

Mtoa mada

Dada, Jumamosi ilikuwa moja na nusu, ila nakubali sikuihesabu. Umeme pia nakubali. Nimeipima amplifaya, yenyewe imekaa tu inakula wati 40 na ushei. Bluetooth nimeweka kibao kidogo cha elfu kumi na tano kwenye tundu la AUX, lile la kuingizia sauti kutoka nje. Nilipokipa umeme kutoka ndani ya amplifaya kilileta mluzi, nilipokipa chaja yake kikanyamaza.

Fundi, shikamoo. Taa sikutumia. Volti sikupima. Nimesoma maneno yako nikaenda mitaa mitatu kutafuta balbu ya nyuzi, kila duka LED, mwisho nimeipata kwa mzee mmoja anayefuga vifaranga. Nimeunga. Imemulika, ikafifia. Nikapima tundu za spika, hakuna muziki, volyumu chini kabisa: kushoto milivolti 9, kulia milivolti 210. Hii ya kulia ni mbaya?

Fundi, Mwanza

Marahaba. Haitaunguza spika leo, lakini kulia kuna mgonjwa bado. Ufa ulikuwa jambo jingine. Mwanzoni mwa kila upande kuna transista mbili ndogo zimekaa pacha, ile jozi ya kulia hailingani tena, moja inavujisha. Usinunue kwenye duka la kwanza, feki zimejaa, na ukinunua chukua kumi uchague mbili zinazopimika sawa. Piga picha ya bodi pande zote mbili, weka hapa. Spika za mzee chomoa kwanza, jaribia kwa spika nyingine usiyoijali.

Mtoa mada

Nimechomoa. Picha naweka kesho kukiwa na mwanga. Shemeji amepita sasa hivi, kaona balbu inaning'inia mezani, kauliza kama tumeanza kufuga kuku.