Risasi za shotigani zimeadimika na bei imepanda: je, kujaza maganda upya kunalipa?

Mkulima wa Nachingwea

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, nawasalimu. Ninamiliki kihalali shotigani ya geji 12, ambayo umiliki wake ulihamishiwa kwangu kwa taratibu zote za polisi baada ya baba yetu kufariki. Kazi yake ni kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe pori, ambao wakiingia shambani usiku mmoja hufukua tuta baada ya tuta na kuacha mihogo imetafunwa nusu nusu. Bunduki ni nzima. Kinachonisumbua ni risasi. Zinapopatikana dukani bei yake haishikiki, na mara nyingi muuzaji husema kwamba mzigo haujaingia.

Mpwa wangu anayeishi Marekani ananiambia kuwa wawindaji wengi wa huko hawatupi maganda. Huyaokota, hubadilisha fataki ya kwenye kitako (kile kikofia kidogo kinachowasha baruti), hutia baruti, kizibo cha plastiki na marisawa (golori ndogo ndogo), kisha huukunja mdomo wa ganda kwa mashine ndogo ya mkono, na risasi ikawa tayari kutumika tena. Ila anasema hata huko vifaa hivyo vimepitia kipindi cha kuadimika sana, na bei zake hazijarudi zilipokuwa. Mimi maganda matupu ninayo ya kutosha, kwani marehemu hakuwa mtu wa kutupa kitu. Naomba kujua mambo matatu: kama kuna nafuu ya kweli katika kujaza, kama mpwa anaweza kuniletea fataki na baruti kwenye begi lake atakapokuja likizo, na kama sheria yetu inaruhusu.

Mmasasi Aliyerudi

Shikamoo mjomba. Nimeishi Marekani kwa miaka mingi kabla ya kurudi Masasi, na huko nilikuwa najaza risasi mwenyewe, kwa sababu sheria ya serikali kuu ya nchi ile haimdai leseni mtu anayejaza kwa matumizi yake binafsi. Nitajibu swali la kwanza kwa urefu, maana ndilo ninalolijua.

Risasi ya shotigani ina vitu vitano: ganda, fataki, baruti, kizibo na marisawa. Unachokiokota baada ya kufyatua ni ganda peke yake, nalo ndilo rahisi kuliko vyote. Fataki na baruti hazitengenezwi nyumbani, na hizo ndizo hupotea madukani kwanza pakitokea hofu. Ilikuwa hivyo mwaka 2013, baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012 kuzusha mjadala wa kubana umiliki wa silaha. Ikawa hivyo tena, kwa ukali zaidi, kuanzia mwaka 2020, ambapo ukaguzi wa wanunuzi wa silaha katika mfumo wa taifa ulifikia karibu milioni 40 kwa mwaka mmoja. Watengenezaji wakubwa wa fataki nchini humo ni wanne tu, yaani CCI, Federal, Winchester na Remington, na Remington ilifilisika mwaka huohuo wa 2020, kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikanunuliwa na kampuni iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal. Fataki elfu moja zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 30 na kitu zikawa zinauzwa mkononi kwa zaidi ya dola 100.

Baruti nayo ina kisa chake. Baruti isiyotoa moshi hutokana na nitroselulozi, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba, na tangu vita vya Ukraine vilipopanuka Februari 2022 viwanda vya mizinga vya Ulaya na Marekani vimekuwa vikiigombea malighafi hiyohiyo. Kwa hiyo uhaba unaouona Nachingwea na ule anaousimulia mpwa wako una mzizi mmoja, na sisi tukaongezewa uhaba wa dola wa mwaka 2023 na 2024, uliowabana waagizaji wetu wa karibu kila kitu.

Sasa hesabu yenyewe. Marisawa huuzwa kwa mfuko wa ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Risasi ya kawaida ya geji 12 hubeba gramu 28, hivyo mfuko mmoja unatoa risasi 400. Mfuko ulipofika dola 50, kila risasi ilibeba senti 12 na nusu za marisawa peke yake; ukiongeza fataki ya senti 10, baruti na kizibo, unakuta umeikaribia bei ya risasi ya kiwandani ya daraja la chini. Wanaofaidika hasa na kujaza ni wenye bunduki za raifali za kipimo adimu cha risasi, ambazo risasi yake moja dukani ni ghali mno, pamoja na washindani wa shabaha wanaofyatua maelfu kwa mwaka. Kwa shotigani ya kulinda shamba nafuu ni ndogo, na hapo sijaitia hesabuni mashine wala mizani.

Waliovuka kipindi kile bila kuumia ni wale waliokuwa wamenunua wakati hakuna anayetafuta, kidogo kidogo, hasa fataki. Wengine waliagiza kwa pamoja, kwa kuwa huko kampuni za usafirishaji hutoza ada ya vitu vya hatari kwa kila kifurushi, na watu watatu wakigawana ada moja wanapumua. Matapeli nao walistawi: zilifunguliwa tovuti zenye picha nzuri na bei za chini za kustaajabisha, zikitaka malipo ambayo hayarudishiki. Baruti ya kopo lililokwisha kufunguliwa, hata ikiuzwa na jirani mwema, haikuguswa na mtu mwenye akili, kwa sababu baruti za aina tofauti hufanana kwa macho na huungua kwa kasi tofauti, na kipimo kilicho salama kwa moja huweza kupasua mtutu kwa nyingine.

Kuhusu begi la mpwa, jibu ni hapana. Mamlaka ya usalama wa safari za ndege ya Marekani inakataza baruti na fataki katika begi la mkononi na katika begi la chini pia. Risasi zilizokamilika huweza kubebwa na msafiri hadi kilo 5, zikiwa zimefungwa vizuri na kwa idhini ya shirika la ndege, lakini bado zingehitaji kibali cha kuingizwa nchini kabla hajaondoka huko, na Marekani yenyewe hudhibiti vitu hivyo vinapotoka nje. Asijaribu.

Mtumishi Mstaafu, Mtwara

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu wa Masasi, nami nichukue swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamkataza mtu yeyote kutengeneza silaha au risasi bila leseni ya kazi hiyo. Leseni yako ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kujaza maganda nyumbani, na kisingizio kwamba ganda ni la marehemu baba hakitasikilizwa na askari atakayekuta kopo la baruti chini ya kitanda.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mikoa yetu inajulikana kwa magobole. Kila risasi za dukani zinapopanda bei, hujitokeza mtu kijijini anayedai kwamba anaweza kukutengenezea baruti na golori. Baruti ya namna hiyo ni ya gobole, na hata katika gobole imeshawakata watu vidole. Katika shotigani iliyotengenezwa kwa shinikizo linalojulikana ni balaa tupu. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, omba stakabadhi, na mwone ofisa wa polisi anayeshughulikia silaha katika wilaya yako kabla hujaagiza, kwani ndiye atakayekueleza idadi unayoruhusiwa kuwa nayo na utaratibu wa kuisafirisha hadi nyumbani. Risasi hazipelekwi kama kifurushi cha basi.

Mkulima wa Nachingwea

Nimewaelewa, na wazo la kujaza nimeliacha. Basi niulize la mwisho: nina pakiti mbili za zamani alizoacha mzee, baadhi zina kutu ya kijani kwenye shaba ya kitako. Zinafaa? Na nifanyeje ili hizi chache nitakazonunua zidumu?

Mama wa Liwale

Kaka, kutu nyepesi inayofutika kwa kitambaa kikavu si kitu. Lakini ganda lililovimba, lililopasuka mdomoni, au ambalo shaba yake imelika hadi ukucha unakwama, usilifyatue kabisa. Lipeleke polisi wakalitupe wao. Usilipake mafuta ukidhani unalisafisha, kwa sababu mafuta hupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Unyevunyevu na joto ndivyo maadui wakubwa huku kwetu, kwa hiyo weka risasi kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na bati la paa. Ziandike mwaka ulionunua, na zile za zamani zitangulie. Sisi wa korosho tumeshafundwa na salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho: anayesubiri maua yatoke ndipo atafute dukani, hununua kwa bei ya mwenye duka. Risasi nazo zitafute wakati mihogo bado michanga, kabla kila mwenye shamba hajakumbuka.

Nyongeza yangu ni kwamba uhaba huu umetufanya tufyatue kidogo, na mashamba hayajaisha. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tuna tembo juu ya nguruwe, na kwa tembo shotigani ni kelele tu. Tunachoma matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili, tunafunga kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa mafuta machafu na pilipili, na tunalala shambani kwa zamu, kaya kwa kaya. Kwa nguruwe, uzio wa fito zilizosukwa karibu karibu na kuchimbiwa chini unawazuia vizuri, ila unataka kukaguliwa kila jioni, maana wakipata tundu moja hawalisahau.

Ukilazimika kuua mnyama kwa kulinda mali, kumbuka Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009: unatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa ofisa wanyamapori, na mnyama huyo ni nyara ya Serikali, nyama yake si kitoweo chako. Kuna jirani alifanya yote kwa haki, akaponzwa na sufuria. Ofisa wanyamapori wa wilaya pia ana askari wenye bunduki na risasi za Serikali, nao huja mkiandika barua kupitia ofisi ya kijiji mkaeleza ni wanyama gani, wanaingia upande gani na saa ngapi. Huchelewa wakati mwingine, sikatai, lakini barua yenye maelezo hayo hushughulikiwa haraka kuliko simu ya kulalamika.