Bajeti ya Marekani: tatizo ni daraja la Alaska, au vifungu vya kudandia?

Wadau, kila bajeti ya Marekani inapokwama, lawama ni ileile: wabunge wanajitengea fedha za miradi ya kwao. Na mfano ni uleule. Mwaka 2005 Bunge la Congress lilitenga dola milioni 223 za daraja la kuunganisha Ketchikan, Alaska, na kisiwa cha Gravina, chenye wakazi wapatao 50 na uwanja wa ndege. Seneta Tom Coburn alitaka fedha hizo zikajenge daraja la Louisiana lililoharibiwa na kimbunga Katrina, akabwagwa kwa kura 82 dhidi ya 15. Mwaka huohuo mbunge Randy Cunningham alikiri kupokea hongo ya zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa wakandarasi wa ulinzi, ili awaelekezee fedha za serikali. Mwaka 2011 utaratibu huo wa wabunge kujitengea fedha ukasitishwa, 2021 ukarudi kwa jina jipya, safari hii mbunge akitakiwa kuweka ombi lake hadharani.

Kwangu mimi, hasira hizi tumezipeleka pasipo. Daraja lenyewe hata halikujengwa! Cha kuogopa ni vifungu vya kudandia: sharti la sera linabandikwa kwenye muswada wa fedha, na Rais akikataa, serikali inakosa pesa. Hawezi kuchagua. Sheria ya 1996 ilimpa uwezo wa kufuta kipengele kimojakimoja, lakini Mahakama ya Juu ikaibatilisha 1998.

Mwaka huo wa 1996 mbunge Jay Dickey wa Arkansas alipitisha kifungu kwamba fedha za kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, zisitumike kuhamasisha udhibiti wa bunduki. Hakikutaja kupiga marufuku utafiti, ila watafiti waliogopa, na fedha zikakauka kwa zaidi ya miaka 20. Dickey mwenyewe alikuja kujuta. Daraja gani limewahi kugharimu hivyo?

Najua mtanirushia Wilmot, kwamba kudandia kunaweza kutumikia jambo jema. Sawa, mwaka 1846 mbunge David Wilmot alidandia muswada wa dola milioni 2 za mazungumzo na Mexico ili utumwa usiingie katika ardhi itakayochukuliwa huko. Nia njema kabisa, na Baraza la Wawakilishi lilikubali. Seneti haikupitisha.

Basi anayetetea njia hii anijibu: kifungu cha mbunge Henry Hyde, kinachozuia fedha za bima ya afya ya maskini kulipia utoaji mimba, kinadandia bajeti mwaka hadi mwaka tangu 1976. Mbona hakijawahi kupita kama sheria ya kudumu inayojisimamia?