Kubadili ukubwa wa video na kubandika nembo kwa mstari wa amri: njia ipi inaaminika zaidi?

MtunzaKanda

Ndugu wanajukwaa, nina rekodi za kanda za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta, fremu zake zikiwa 720x576 na umbo la picha likiwa 4:3. Ninataka kuzitoa katika ukubwa wa 1280x720, nembo ya duara ikikaa kona ya chini upande wa kulia. Amri niliyotumia, ya zana ya FFmpeg, ni hii:

`ffmpeg -i kanda.avi -loop 1 -i nembo.png -filter_complex "[0:v]scale=1280:720[a];[a][1:v]overlay=W-w-24:H-h-24" -c:v libx264 toleo.mkv`

Matokeo yake yana kasoro nne. Usimbaji, yaani uandikaji wa faili jipya la video, haufiki mwisho hata video inapokwisha. Nembo ya duara inaonekana imebanwa kama yai ilhali watu waliomo kwenye picha wana umbo sahihi. Nyekundu ya nembo imeegemea rangi ya machungwa. Na kila mtu anaposogea, kingo zake zinachanika kama meno ya kitana. Ninaziona njia tatu mbele yangu: kuirekebisha amri hii hii, kuigawa kazi katika awamu mbili, yaani kubadili ukubwa kwanza na kubandika nembo baadaye, au kuhamia zana nyingine kabisa. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuzipima.

FremuKwaFremu

Ndugu MtunzaKanda, kabla ya kulinganisha zana, tuipime picha yenyewe. Endesha amri ifuatayo:

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,sample_aspect_ratio,field_order kanda.avi`

Ninatarajia utaona uwiano wa pikseli (upana wa pikseli moja kwa kimo chake) wa 16:15, maana yake ni kwamba pikseli za kanda yako si za mraba. Kichujio cha scale kinapoambiwa 1280:720 hutii idadi hiyo ya pikseli, lakini ili kulinda umbo la 4:3 huandika uwiano mpya wa pikseli, ambao kwa hesabu yako ni 3:4. Kichezeshi kinachousoma uwiano huo huibana fremu nzima hadi upana wa pikseli 960, na kwa hiyo watu wanarudi katika umbo lao. Nembo, iliyobandikwa juu ya fremu hiyo ikiwa na pikseli za mraba, inabanwa pamoja nayo ingawa haikuwahi kutanuliwa. Ndiyo maana video inaonekana nzima na nembo inaonekana yai, na ndiyo maana wengi hutumia saa nyingi wakiichunguza nembo isiyo na kosa lolote.

Tahadhari kuhusu `scale=-2:720`, ambayo hupendekezwa mara nyingi. Hiyo -2 hutafuta upana unaolingana na idadi ya pikseli, tena namba shufwa, lakini haiuangalii uwiano wa pikseli. Kwa kanda yako itatoa 900x720 na tatizo litabaki pale pale. Andika 960:720 waziwazi, kisha setsar=1 ili pikseli zihesabiwe za mraba, kisha pad ya kujaza pembeni hadi 1280. Ukiwa na mafaili ya maumbo mbalimbali, `scale=2*round(oh*dar/2):720` itakupigia hesabu hiyo yenyewe.

SautiNaPicha

Naunga mkono, na ninaongeza kuhusu usimbaji usiokwisha. Chaguo la `-loop 1` huifanya picha moja kuwa mkondo usio na mwisho, na overlay, kichujio kinachobandika nembo, husubiri mkondo mrefu zaidi umalizike. Kwa nembo iliyotulia huhitaji kabisa chaguo hilo, kwa sababu overlay hurudia fremu ya mwisho ya picha bila kuombwa. Utalihitaji endapo unataka nembo ijitokeze taratibu kwa kichujio cha fade, kwa kuwa fade hufanya kazi kwa kufuata muda unaosonga; hapo weka `shortest=1` ndani ya overlay.

Kuhusu awamu mbili, nilizitumia kwa muda mrefu na nimeziacha. Kila awamu ya kusimba kwa x264 (kisimbaji kinachoitwa na `libx264` katika amri yako) katika ubora wa kawaida hupoteza kitu, na hasara huonekana kwanza kwenye kingo za nembo na kwenye maeneo ya rangi tulivu kama anga. Ikiwa ni lazima uwe na faili la katikati, kwa mfano unapotaka kutoa matoleo matano yenye nembo tofauti, lihifadhi kwa kodeki (njia ya kusimba) isiyopoteza kitu kama FFV1, na ukubali kwamba faili litakuwa kubwa.

Kuna pia suala la kubandika kabla au baada ya kubadili ukubwa. Ukibandika kabla, nembo inatanuliwa pamoja na picha ya zamani na kingo zake zinalegea; ukibandika baada, nembo inabaki na ukali wake. Kwa kanda za 720x576 zinazokuzwa, sioni sababu ya kubandika kabla.

MchujaRangi

Ninaheshimu maelezo yaliyotangulia, ila sidhani kwamba FFmpeg ndiyo chaguo bora kwa mwenye kujali rangi. Kanda za ukubwa huu hutumia jedwali la BT.601, yaani namba za kugeuza RGB (nyekundu, kijani na bluu) kuwa YUV (mwangaza na rangi), wakati vichezeshi vingi hudhani kwamba video ya kimo cha 720 isiyo na lebo imesimbwa kwa BT.709. Nyekundu kamili iliyosimbwa kwa jedwali la kwanza na kusomwa kwa la pili inaingiwa na kijani kidogo, ndiyo maana umeona machungwa. Nembo ya PNG nayo ni ya RGB, hivyo ni lazima igeuzwe mahali fulani, na katika amri yako imegeuzwa kimyakimya.

Hapa ndipo ninapoipendelea VapourSynth, zana ya kuchakata video kwa hati za Python. Ukiiagiza igeuze RGB kuwa YUV bila kutaja jedwali, inakataa na kusimamisha kazi. Hainyamazi na kukisia. Unaandika hati fupi ya Python, unataja `matrix_in_s="470bg"` na `matrix_s="709"` kwa video, unaichanganya nembo kwa MaskedMerge ukitumia uwazi wake kama kinyago, kisha vspipe, programu yake ya mstari wa amri, inapeleka fremu kwa x264 kupitia Y4M, mkondo wa fremu zisizobanwa. Unaweza kutazama fremu yoyote kabla ya kusimba, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko kasi.

FremuKwaFremu

Hoja ya rangi ni ya kweli na nilipaswa kuitaja. Hata hivyo scale nayo hupokea `in_color_matrix` na `out_color_matrix`. Tofauti ni kwamba FFmpeg haikulazimishi kuyaandika. Mkondo wa Y4M nao haubebi sauti, kwa hiyo atalazimika kuiunganisha sauti katika hatua nyingine, na mtu anayeanza hupoteza ulinganifu wa sauti na picha hapo. Kwa kanda moja moja zenye nembo iliyotulia, ningebaki na amri moja. Kwa usafishaji mzito wa picha, ambapo vichujio vya kuondoa chengachenga na kurekebisha mistari ni vingi, nakubali kwamba VapourSynth inashinda.

NyuziZaPicha

Kwa wanaofikiria GStreamer, zana nyingine ya kuchakata picha na sauti, nimeitumia kubandika nembo kwenye matangazo ya moja kwa moja, kwa gdkpixbufoverlay, na inafaa kwa kazi hiyo. Lakini mtego wa uwiano wa pikseli uko huko pia: usipoandika `pixel-aspect-ratio=1/1` pamoja na width na height, videoscale inaweza kuubadili uwiano huo ili ilinde umbo, na utarudi kwenye yai lile lile. Kwa mafaili yaliyokwisha kurekodiwa sikushauri.

Kasoro ya nne haijajibiwa. Kingo zinazochanika zinatokana na mistari pishani ya kanda, yaani kila fremu hubeba mistari ya nyakati mbili iliyopishana. Ni lazima uiondoe kabla ya scale, kwa sababu baada ya kubadili kimo mistari ya nyakati mbili huchanganyika na hakuna kichujio kitakachoitenganisha. Tumia kichujio cha bwdif, ukikumbuka kwamba isipoelekezwa hutoa fremu 50 kwa sekunde kutoka kwenye kanda ya 25. Hamsini zinalainisha mwendo, na mimi huzichagua kwa michezo; kwa mahojiano, `mode=send_frame` inatosha.

MtunzaKanda

Ninawashukuru nyote. ffprobe imeonyesha 16:15 kama ilivyotabiriwa, na kwamba kanda ina mistari pishani. Nimeijaribu hati ya VapourSynth pia. Rangi zilikuwa sahihi, lakini kuunganisha sauti kwa kanda thelathini kulinichosha. Amri niliyobaki nayo ni hii:

`ffmpeg -i kanda.avi -i nembo.png -filter_complex "[0:v]bwdif=mode=send_frame,scale=960:720:flags=lanczos:in_color_matrix=bt601:out_color_matrix=bt709,setsar=1,pad=1280:720:160:0[chini];[1:v]scale=-2:90:flags=lanczos:out_color_matrix=bt709,format=yuva420p[juu];[chini][juu]overlay=W-w-184:H-h-24,format=yuv420p[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 18 -colorspace bt709 -c:a copy toleo.mkv`

Namba 184 ni pikseli 160 za ukingo mweusi pamoja na 24 za nafasi, ili nembo ikae juu ya picha na isielee kwenye weusi. Duara sasa ni duara, nyekundu imerudi, na usimbaji unakoma video inapokwisha. Kimebaki kitu kimoja: herufi ndogo nyekundu ndani ya nembo zina ukungu kidogo pembeni.

MchujaRangi

Ukungu huo unatokana na yuv420, ambamo kila pikseli nne hugawana thamani moja ya rangi. Unaweza kuweka `format=yuv444`, ambamo kila pikseli ina rangi yake, ndani ya overlay na kutumia yuva444p kwa nembo, lakini toleo la mwisho likirudi yuv420p ukungu utarudi nalo, na vichezeshi vingi vya vifaa havifungui x264 ya 4:4:4. Tafuta nembo ambayo herufi zake ndogo ni nyeupe: mwangaza hauguswi na mgawanyo huo.