MREJESHO: Yule mpinzani anayeniiga kila hatua kwenye sataranji

Wadau, habari za saa hizi. Wiki mbili zilizopita niliuliza: nikifungua kwa c4 (askari kwenye mraba wa c4; herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), mtu akijibu c5 na kuniiga kila kitu, nimbane vipi? Mkaniambia nisukume askari upande wa malkia (kushoto kwangu): a3, ngome iende b1, kisha b4.

Basi Jumamosi raundi ya tatu nikapangiwa naye tena. Akaiga. Hadi hatua ya kumi na moja ubao ulikuwa kama kioo: farasi wanne nje, maaskofu g2 na g7, askari wa b na d wakitazamana. Hapo nikaweka askofu f4, kwenye mshazari unaoilenga ngome yake ya b8. Nikajua hapa lazima aache kuiga.

Wapi! Akacheza askofu f5.

Nikala ngome, akala yangu. Malkia wangu akamla askofu wake pale b1, malkia wake akamla wangu b8. Sasa zamu ni yangu, na hatua chache baadaye nikampata askari wake wa b5. Farasi wake asingeweza kugusa b4, malkia wangu alikuwa anapalinda. Jamaa alishika kichwa, nadhani dakika kumi nzima.

Matokeo? Sare. Ndiyo, chekeni. Nilikuwa na askari wa ziada anayekimbia bila wa kumzuia, saa yangu ikabaki sekunde chache, nikashindwa kumtumia.

Aliyependekeza b4, nakudai chai. Au wewe unanidai, sijui.