Shahada ya uhasibu nikiwa kazini: Ushirika Moshi, Uhasibu Njiro au Huria?

Binti_Rau: Wakuu, habari za jioni. Nina diploma ya uhasibu, nipo kazini Moshi mjini, na mwaka huu lazima niingie shahada. Nimebaki na vyuo vitatu: Ushirika (MoCU), Uhasibu Arusha kule Njiro (IAA) na Chuo Kikuu Huria. Dirisha la maombi likifunguliwa niwe nimeshaamua. Mnanishauri kipi?

Mdau_Kijenge: Dada, GPA (wastani wa alama zako za diploma) ngapi? Fomu foo umefaulu masomo mangapi? Umeajiriwa au umejiajiri? Bila hayo tunapiga ramli.

Mzee_wa_Soweto: Ushirika. Mimi nimepita pale enzi za Chuo cha Ushirika, kabla hakijawekwa chini ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mwaka 2004. Mhasibu wa pale anavijua SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwa undani, na mkoa huu wa kahawa una vyama vya msingi vingi. Halafu kutoka Rau ni bodaboda tu.

Kijana_Njiro: Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kama lengo ni CPA (cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu) aje IAA. Aulizie vipindi vya jioni.

Mama_Kibosho: Jioni ipi, mwanangu? Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, na foleni ya kuanzia Usa River unaijua. Atafika darasani mwalimu anafuta ubao.

Binti_Rau: Nimeajiriwa, natoka saa kumi na moja. Fomu foo nina C moja na D tano.

Mdau_Kijenge: GPA bado hujasema.

Pasua_Damu: Chuo chochote utakachochagua, tunza karatasi zako. Mimi nilianzia astashahada, nikaja diploma, kisha shahada, huku nalea watoto. Mwaka wa pili wa shahada (chuo sikitaji) somo la kodi likatoka halina alama za kozi weki. Mwalimu alishahama. Idara wananituma ofisi ya mitihani, ofisi ya mitihani wananirudisha idara, kila nikienda naomba ruhusa kazini hadi bosi akachoka. Kilichoniokoa ni testi mbili zilizosahihishwa, zina wino mwekundu na saini ya mwalimu, nilizitoboa nikazifunga kwenye faili pamoja na risiti za ada. Alama zikaingizwa, lakini wenzangu walishavaa joho na tangazo la kazi nililokuwa nalisubiri lilishapita. Bado inaniuma. Dada, usitupe hata kikaratasi.

Mama_Kibosho: Pole sana mpendwa.

Binti_Rau: Pole dada. GPA ni 2.8.

Mdau_Kijenge: Ndiyo maana nilikuwa nauliza! TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka diploma ya GPA 3.0 kuingia shahada moja kwa moja. Ushirika na Njiro kwa sasa weka pembeni. Nenda kituo cha Huria hapo Moshi, uliza kozi ya Faundesheni, ile ya kuwaandaa wasiofikisha sifa za shahada. Ukitoka na 3.0 unaomba shahada.

Kijana_Njiro: Angepita fomu siksi asingezunguka hivi.

Pasua_Damu: Si kweli. Fomu siksi wangapi wanakosa pointi na kuanza upya na diploma? Aliyepita diploma anaweza kufunga hesabu za duka tangu mwaka wa kwanza.

Kijana_Njiro: Lakini wa siksi anamaliza mapema, anaajiriwa mapema.

Mama_Kibosho: Na Bodi ya Mikopo inaanza kumkata mapema, asilimia 15 ya mshahara!

Mzee_wa_Soweto: Mnatoka nje ya mada. Binti, hiyo Faundesheni ni sawa, ila ukimaliza rudi Ushirika.

Mdau_Kijenge: Mzee, akishazoea Huria kwa nini ahame? Mtu wa kazini anasoma kwa kasi yake.

Binti_Rau: Asanteni. Jumamosi ofisi yao huwa wazi?

Kijana_Njiro: Sina uhakika. Piga simu kwanza. Na hizo D tano, hesabu ipo?