Mwenye mashine wa Mtwara kaniulia bantamu, halafu kanijazia boksi na vifaranga wa chotara

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nimekaa siku mbili bila kuandika nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Nipo Lindi mjini. Nafuga chotara, kuku wa mchanganyiko wa kienyeji na kisasa, kwa ajili ya mboga na daftari za watoto, na bantamu, wale kuku wa umbo dogo, kwa mapenzi tu. Mwenzenu nikikaa barazani jioni nikiona kajogoo kangu kanavyojidai mbele ya majogoo ya kilo tatu, uchovu wote unaisha. Mwezi jana nilikuwa na mayai 33 ya bantamu. Tetea mmoja tu ndiye alikuwa ameshikwa na hamu ya kuatamia, nikampa tisa, maana kwa mwili ule ukimzidishia ya pembeni yanapoa. Yakabaki 24. Nikaongeza 36 ya chotara, nikaelekezwa kwa kaka mmoja Mtwara mwenye mashine ya kutotolesha. Shilingi 500 kwa yai. Nikapanda Coaster, trei mapajani nimezifunika kanga, kila tuta roho juu.

Nilimwambia kwa mdomo wangu: kaka, haya madogo yanawahi. Kuku wa kawaida siku 21, bantamu mara nyingi 19 au 20. Ama uyaingize siku moja baadaye, ama uyape trei yake peke yake. Akacheka. "Dada, mashine inajua."

Inajua nini? Mashine inajua joto na kugeuza mayai basi!

Siku ya saba nilikuwa na msiba Mikindani, nikapitia kupima kwa tochi. Katika yale 24, matatu hayakuwa na mbegu. 21 yalikuwa na mishipa safi, buibui mwekundu kabisa katikati ya yai. Siku ya 20 asubuhi akanitumia picha: vifaranga 17 wa bantamu, wamekauka, wamesimama. Nikawaonyesha majirani kama mtu aliyepata mjukuu.

Yaliyofuata sikuambiwa na yeye, nimeambiwa na kijana wake. Trei ya kuangulia ilikuwa na pengo pembeni. Kifaranga wa chotara hapiti pale. Wa bantamu anapita. Chini kuna sinia la maji ya kuleta unyevu, halijafunikwa hata na kipande cha wavu. Wanne wakaishia humo. Na kwa kuwa walikuwa wamechanganywa, mlango hauwezi kuachwa wazi kuwatoa bantamu huku chotara ndiyo kwanza wanatoboa, unyevu ungepotea na utando ungewakaukia ndani ya yai. Kwa hiyo wakaachwa. Hicho ndicho nilichokuwa nakisema siku ya kwanza!

Nikaomba abaki nao siku nne nimalizie kuziba mapengo bandani kwangu, maana kusi inavuma na usiku huku pwani siyo mchezo kwa kiumbe chenye gramu 20. Akataka elfu kumi ya joto. Nikalipa.

Siku ya kuwachukua nikakuta bruda moja, chumba cha kulelea vifaranga, ndani vifaranga kama mia na hamsini, wengine wana wiki nzima zaidi, mbawa zimeshaota. Taa moja katikati. Wakubwa wamejaa chini ya taa, wadogo huko kwenye ukuta. Kinyweshea cha lita tano, mfereji wake mpana. Ndani ya mfereji kulikuwa na bantamu mmoja, kadogo kama ndimu, manyoya yameshikana, shingo imelalia ukingo kana kwamba bado anakunywa, na chotara wawili wamemkanyaga mgongoni wanaendelea na maji yao. Nikamuuliza hiki nini. "Huyo alikuwa dhaifu tangu mwanzo, dada."

Maboksi mawili yalikuwa tayari yamefungwa kamba. Chotara 31, bantamu 13. Nikahesabu kichwani, 17 toa wanne waliozama ni 13, na huyu wa kwenye mfereji je? Lakini gari lilikuwa linapiga honi, nikapanda.

Tulipofika Mnazi Mmoja gari likasimama watu wanunue chakula, nikafungua boksi. Wakuu, bantamu walikuwa watano. Wanane waliobaki ni chotara, miguu minene kama vidole vyangu, wamejazwa ili hesabu itimie! Nikampigia hapo hapo, abiria wote wananisikiliza. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Dada, kifaranga ni kifaranga. Idadi si imetimia?"

Sisi watu wa kusini kangomba, ule ulanguzi wa korosho, tunaijua. Mtu anakupimia korosho kwa bakuli lake, mizani ipo ndani kaificha. Basi sasa imehamia kwenye vifaranga.

Na kabla hamjaanza kuniambia "bantamu ni wa kufa kufa hao": tetea wangu aliangua saba katika tisa, wiki ile ile, kuku wale wale, chakula kile kile. Wote saba wazima hadi leo. Hakuna udhaifu hapo. Bantamu anataka joto lile lile la digrii 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ila mwili wake mdogo unalipoteza haraka, kwa hiyo akisukumwa pembeni na wakubwa ndiyo kwaheri. Maji mpe kwenye kisahani chenye kokoto au gololi, anywe katikati ya mawe. Stata, chakula cha kuanzia cha vifaranga, ni ile ile, itwange kidogo tu. Wavu wa kuzuia chotara yeye anapenya, kwa hiyo weka wenye matundu madogo. Hata chanjo ya kideri ni tone lile lile jichoni, mkubwa kwa mdogo. Kitu kikubwa kinachohitajika ni kuwatenga mpaka waote manyoya vizuri, na kipande cha ubao kingetosha. Ubao! Elfu kumi yangu ingenunua mbao za kutosha na misumari ikabaki.

Usiku ule sikuwasha taa kubwa. Nilimfuata tetea na tochi nimeizibia kwa kiganja, nikampenyezea wale watano mmoja mmoja chini ya kifua. Akaguna. Nikasubiri anidonoe. Akajiinua kidogo, akatanua mbawa, akashuka tena. Asubuhi ana watoto 12 na hajui wapi ni wa kwake. Wale wanane wa miguu minene nimewaweka na wenzao. Hawana kosa lolote maskini.

Ninachodai ni elfu kumi ya kulea na 12,000 ya mayai 24. Ya chotara sidai, 31 katika 36 kafanya kazi nzuri, siwezi kusema uongo.

NYONGEZA: Ndugu aliyeuliza kwa nini sikufungua boksi pale pale, umesema kweli, nimejifunza kwa maumivu. Anayeniuliza jina la mwenye mashine, hapa sitaji, ninataka hela yangu kwanza.

NYONGEZA 2, saa tatu usiku: Kanitumia elfu tano kwenye simu na ujumbe, "ya soda dada, tusameheane". Nimeirudisha. Makato nimelipa mimi.